Jacques Daviel na Mtoto wa Jicho

Katika nyumba nyingi yupo mzee ambaye mboni ya jicho lake imeanza kuwa nyeupe, naye hana budi kushikwa mkono atokapo nje. Jamaa husema ndio uzee, kisha hunyamaza. Kwa ajili ya wazee hao twapenda leo kuwasimulia wasomaji wetu maisha ya Jacques Daviel, tabibu wa Ufaransa.

Daviel alizaliwa Normandie mwishoni mwa karne ya 17, akajifunza upasuaji mjini Rouen. Mwaka 1720 tauni iliingia Marseille ikaua watu maelfu kwa maelfu. Wengi wenye uwezo walikimbia. Daviel, angali kijana, alijitolea kwenda kuwauguza wagonjwa. Akakaa huko miaka mingi, na tangu mwaka 1728 akajitia hasa katika kutibu macho.

Siku zile mtoto wa jicho alitibiwa kwa njia iliyojulikana tangu kale huko Bara Hindi. Tabibu alichoma jicho kwa sindano, akaisukuma lenzi iliyoingia ukungu mpaka ishuke chini. Mwanga uliingia, mgonjwa akafurahi. Lakini lenzi ilibaki mle mle. Mara ilipanda tena, mara jicho lilivimba na kutunga usaha. Johann Sebastian Bach, mtunzi mkuu wa muziki, alitibiwa hivyo mjini Leipzig mwaka 1750, asipate kuona. Akafariki mwaka ule ule.

Daviel naye alikuwa stadi wa sindano hiyo. Mwaka 1745 alimtibu mkaa-pweke mmoja karibu na Aix, katika Provence. Lenzi ilikataa kushuka, akalazimika kupasua konea, yaani kioo cha mbele cha jicho. Kazi ile haikufanikiwa. Tabibu mwenye sifa kama yake, wa umri upatao miaka 50, angaliweza kuisahau siku hiyo na kuendelea na mazoea. Yeye aliitafakari. Akaona kwamba lenzi iliyoharibika haifai kufichwa ndani ya jicho, bali kutolewa kabisa.

Basi akaanza kukata konea upande wa chini, kupasua ngozi nyembamba iliyofunika lenzi, na kuitoa lenzi nje polepole. Dawa ya ganzi haikuwapo. Mgonjwa alishikwa tu, akavumilia. Mwaka 1749 Mfalme Louis wa 15 alimfanya tabibu wake wa macho. Mwaka 1752 aliieleza njia yake mbele ya Chuo cha Wapasuaji mjini Paris, wala hakuficha wale walioshindikana. Alifariki Geneva mwaka 1762.

Wagonjwa wake walihitaji miwani minene, maana jicho lilibaki bila lenzi. Mwaka 1949 Harold Ridley, huko London, alitia lenzi ya bandia mahali pa ile iliyotolewa. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa ganzi na kwa muda mfupi.

Si kila upofu ni mtoto wa jicho. Daktari ndiye atakayepambanua. Lakini sindano ya kale bado yatumika mahali pengine, na wazee wengi wangali wamekaa gizani bila kupimwa hata mara moja. Daviel alikubali kujifunza upya katika umri wake ili vipofu waone. Sisi twatakiwa jambo jepesi zaidi: kumshika mzee mkono na kumfikisha hospitali.