Utoto wa Imam Shafi na Kusoma Kwake

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, hizi ni habari za Imam Muhammad bin Idris Shafi, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye madhehebu yake ndiyo wanayoyafuata wengi katika watu wa pwani hii. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji wameshika madhehebu hayo hayo. Watu humjua kwa vitabu vyake na fatwa zake, lakini ni wachache wajuao kuwa alikaribia kukosa chuo kwa sababu ya ada.

Alizaliwa Ghazza, katika nchi ya Sham, mwaka 150 wa Hijra (767), na mwaka huo ndio aliofariki Imam Abu Hanifa. Baba yake alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Muttalib, na nasaba yake hukutana na nasaba ya Mtume, rehema na amani zimshukie, kwa Abdu Manaf. Lakini nasaba hainunui mkate, na Idris alikufa mwanawe angali mchanga, wala hakuacha mali. Mtoto alipotimia miaka miwili mama yake akamchukua, akenda naye Makka, akichelea nasaba ya mwanawe isije ikapotea ugenini. Wakakaa huko katika bonde la Khaif kwa dhiki.

Mama yule akampeleka mwanawe chuoni. Chuo kile kilikuwa cha mwalimu mwenyewe, na riziki yake ilitoka katika kile walicholeta wazee wa watoto. Naye mama hakuwa na cha kuleta. Basi mwalimu hakumtilia bidii yatima huyu. Aliwashughulikia waliolipiwa, na yeye akaachwa akae asikilize. Wala si haki kumlaumu mwalimu kupita kiasi, kwani naye alikuwa na nyumba ya kulisha, na kila mwenye kusomesha watoto aijua taabu hiyo. Lakini mtoto yule alikuwa akisikiliza kwelikweli. Mwalimu alipomsomea mwenziwe aya, kabla hajamaliza kuitamka Shafi amekwisha kuihifadhi. Na mwalimu akiondoka kwa haja yake, Shafi hushika mahali pake akawasomesha wenziwe yale waliyopewa.

Mwalimu akaliona jambo hilo, akapima. Upande mmoja ada ya mtoto mmoja. Upande wa pili kuwa na mtu wa kumshikia chuo atokapo. Akaona la pili lina manufaa zaidi, akaacha kumdai mama ada, na mtoto akasoma hivyo mpaka akahifadhi Kurani yote naye ni wa miaka saba. Patano hilo liliwafaa wote, na yamkini lilimfaa mtoto kuliko wote. Kwani mtoto mwepesi akiachwa bila kazi, akawa kila siku angojea wenziwe wamfikie, huingia katika utundu au katika kiburi. Na huyu wepesi wake ulitiwa katika kuwatumikia wenziwe. Tangu udogoni alizoea kulirudia neno kwa asiyelishika.

Alipokhitimu akaingia Msikitini Makka, akakaa na wanavyuoni, akihifadhi hadithi na mas-ala. Karatasi ilikuwa ghali kwake. Akiona mfupa mpana uliokauka huuokota akauandika, na nyumbani mlikuwa na mtungi wa zamani, akawa akitia mifupa ile humo mpaka ukajaa. Tena akenda diwani kwa makarani wa serikali akiwaomba karatasi zilizokwisha kutumika, apate kuandika mgongoni mwake. Imepokewa kuwa alihifadhi Muwatta wa Imam Malik naye ni wa miaka kumi. Kisha akatoka akakaa na Wahudhail majangwani, nao ni katika Waarabu wafasaha mno, akajifunza lugha yao na mashairi yao. Na katika mambo mawili aliyoyapenda ujanani, moja lilikuwa ilimu na la pili kutupa mishale, akawa hodari wa kulenga shabaha.

Aliyemfunza fikihi Makka ni mufti wa mji, Muslim bin Khalid Zanji. (Zanji ilikuwa lakabu tu, kwani imepokewa kuwa mtu huyo alikuwa mweupe.) Sheikh huyu alimpa ruhusa ya kufutu naye, kwa riwaya iliyo mashuhuri, ni wa miaka kumi na mitano. Kijana mwingine angetosheka na daraja hiyo akakaa kitako kungoja watu wambusu mkono. Shafi alifunga safari akenda Madina, akakaa chini mbele ya Malik kama mwanafunzi, na Malik alipofariki mwaka 179 (795) yeye alikuwa amekwisha kuchukua ilimu yake.

Umaskini haukumwacha. Alipopata kazi Yaman, imepokewa kuwa ilibidi nyumba iwekwe rahani apate cha kusafiria. Huko Yaman akasingiziwa kuwa anawaunga mkono Waalawi dhidi ya dola, akapelekwa Iraki mwaka 184 mbele ya Harun Rashid, na roho yake ilikuwa hatarini. Akaokoka, na badala ya kukimbia akabaki Iraki kusoma vitabu vya Muhammad bin Hasan Shaibani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, ambaye alimwombea kwa Khalifa. Kisha akafundisha Makka na Baghdad, na Ahmad bin Hanbal alikuwa miongoni mwa waliokaa darasani kwake.

Mwishowe akahamia Misri, kadiri ya mwaka 199, akafundisha katika Msikiti wa Amr. Baada ya sala ya alfajiri walimjia watu wa Kurani. Jua likichomoza, watu wa hadithi. Kisha wenye kujadiliana. Kisha watu wa lugha na mashairi, mpaka karibu na adhuhuri. Katika wanafunzi wake hapo Muzani alikuwa mkali wa hoja, na Buwaiti ndiye aliyeshika darasa baada yake. Ama Rabi bin Sulaiman, mwadhini wa msikiti ule, alikuwa mzito wa kufahamu. Imepokewa kuwa siku moja Shafi alimrudilia mas-ala moja mara arubaini asiielewe, hata Rabi akaondoka barazani kwa haya. Shafi akamwita faraghani, akamrudilia tena mpaka akafahamu.

Imam Shafi alifariki Misri mwisho wa Rajabu mwaka 204 (820), akazikwa Qarafa, chini ya mlima Muqattam. Rabi aliishi baada yake mpaka mwaka 270 (884), na Risala na Umm zilipokewa kwake. Watu wakawa wakifunga safari kutoka nchi za mbali, wakaja Misri kumsikiliza mwadhini yule akivisoma vitabu vya sheikh wake.