Muyaka bin Haji na Fumbo la Pande Tatu

Anayejaza fumbo la maneno gazetini hushughulikia pande mbili: neno la kwenda kulia na neno la kuteremka. Lakini lipo pia fumbo la pande tatu, lililoundwa mithili ya kasha, ambamo herufi moja huweza kuwa mali ya maneno matatu kwa wakati mmoja. Humo, jibu linalokubaliwa na pande mbili huwa dhana tu hadi upande wa tatu utoe ushahidi. Katika fasihi yetu, mafumbo ya namna hii yana bingwa wake, naye ni Muyaka bin Haji.

Malenga huyu alizaliwa Mombasa yapata mwaka 1776 na kufariki yapata 1840. Alitunga kuhusu mapenzi, wivu, ukata na neema, na kwa tungo zake ushairi wa Kiswahili ukatoka msikitini na kuingia sokoni. Zama zake zilijaa misukosuko. Wamazrui, watawala wa Mombasa aliowaunga mkono, walishindwa na Lamu katika vita vya Shela, yapata 1812. Baadaye walijikinga chini ya bendera ya Uingereza, kuanzia 1824 hadi 1826. Hatimaye, mnamo 1837, utawala wao uliangushwa na Seyyid Said wa Omani. Katika kipindi hicho Muyaka alijibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu, akiwemo Zahidi Mngumi. Maneno yaliyowalenga wandani na mahasimu kwa pamoja hayakusemwa waziwazi, yalifumbwa.

Basi, fumbo lake hufumbuliwaje? Upande wa kwanza ni neno lenyewe, kwa maana yake ya Kimvita. Upande wa pili ni mlengwa: nani anajibiwa? Upande wa tatu ni tukio lililozua utungo. Mathalani, chombo kinachotajwa katika utungo wa pwani huweza kuwa jahazi, mpenzi au dola inayoyumba. Msomaji aanze na lile aliloliyakinisha, kisha apime kila dhana kwa pande zote. Isiyooana aifute, hata ikiwa tamu.

Ule upande wa tatu nusura utokomee, kwani tungo hizo zilihifadhiwa vifuani mwa watu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki 1890, ndiye aliyezikumbuka na kumfafanulia mmisionari William Taylor, naye akazinakili. William Hichens alitoa diwani mwaka 1940, na mwaka 1979 uchambuzi wa Mohamed Abdulaziz ukachapishwa Nairobi. Lau si Sikujua, tungo nyingi zingepotea, na zilizosalia zingebaki maneno matupu.

Somo hili haliishii pwani. Jijini Nairobi, katika mitaa ya Eastlands, upo mtaa uitwao Shauri Moyo. Kamusi itampa msomaji maana ya shauri na ya moyo, lakini hiyo ni pande moja tu. Hana budi kuuliza jina lilitamkwa na akina nani, na kutokana na tukio gani. Mtaa huo ulijengwa mwishoni mwa miaka ya 1930, wakati kijiji cha Pangani kilipobomolewa na wenyeji wake kuhamishwa. Ajuaye hayo huyasikia maneno hayo mawili kwa uzito mwingine.

Wazee wanaokumbuka habari za namna hii wanazidi kupungua. Ni wajibu wetu wanafunzi wa Kiswahili kuwaendea na kunakili, kabla upande wa tatu haujazikwa pamoja nao.