Steve McQueen: Nyota wa filamu aliyenyimwa gari kuukuu

Na Mwandishi Wetu

DESEMBA 14, 1977, mwigizaji aliyekuwa miongoni mwa wanaolipwa fedha nyingi zaidi duniani aliandika barua fupi kwa mtu asiye na jina kubwa, mkazi wa jimbo la New Jersey, Marekani. Ombi lake halikuwa la ajabu. Alitaka auziwe gari aina ya Ford Mustang la mwaka 1968, lenye rangi ya kijani kilichokolea, ambalo wakati huo mke wa mtu huyo alikuwa akilitumia kwenda kazini kufundisha shule.

Mwandishi wa barua hiyo alikuwa Steve McQueen. Alieleza kwamba angependa gari lirudi mikononi mwake ili alitunze katika hali ile ile lililokuwa nayo kwenye filamu, wala si kulikarabati. Alikuwa tayari kumtafutia mwenye gari Mustang lingine badala yake, mradi gharama isivuke kiasi. Kama haiwezekani, basi yaishe.

Haikuwezekana. Mwenye gari hakuuza, na miaka mitatu baadaye McQueen alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 50, akiacha magari na pikipiki za kujaza maghala. Mustang la kijani halikuwamo.

Maisha ya nyota huyo yameandikwa mara nyingi kwa kutazama filamu zake na wanawake aliowaoa. Lakini huenda kisa cha gari hilo kuukuu ndicho kinachomweleza vyema zaidi, kwa kuwa McQueen alikuwa mtu aliyekulia pasipo na kitu cha kukiita chake, akatumia nusu ya maisha yake kutafuta vitu ambavyo visingemkimbia.

Mtoto asiye na makao

Terence Steven McQueen alizaliwa Machi 24, 1930, Beech Grove, katika jimbo la Indiana. Baba yake, rubani wa maonyesho ya michezo ya hatari angani, aliitelekeza familia mtoto angali mchanga. Mama yake alikuwa msichana mdogo aliyezongwa na ulevi. Mtoto aliishia kulelewa katika shamba la mjomba wa mama yake huko Slater, jimbo la Missouri, wakati Marekani ikiwa katika mdororo mkubwa wa uchumi.

Mzee huyo alikuwa mkali lakini mwenye haki, na McQueen alimheshimu hadi mwisho wa maisha yake. Kijana alipotimiza miaka minne alipewa na mzee baiskeli nyekundu ya magurudumu matatu, na baada ya kupata umaarufu alipenda kusema kuwa mapenzi yake ya mbio yalianzia hapo.

Utulivu haukudumu. Mama yake alimchukua, akamrudisha, kisha akamchukua tena, na baba wa kambo akawa akimpiga. Kijana akazoea maisha ya mitaani na magenge ya wahuni, hadi alipopelekwa katika shule ya kurekebisha tabia za vijana ya Boys Republic iliyoko Chino, California. Mwanzoni alitoroka, lakini ni shule hiyo iliyomnyoosha. Alipokuwa nyota alirudi huko mara kwa mara kukaa na wanafunzi, na akawa akizidai kampuni za filamu suruali za jinzi, nyembe na bidhaa nyingine kwa wingi, ambazo baadaye ilibainika kuwa alizipeleka shuleni hapo.

Mwaka 1947 alijiunga na kikosi cha wanamaji wa nchi kavu cha Marekani, akatumikia hadi mwaka 1950. Baada ya hapo alikwenda New York, akasomea uigizaji kwa fedha ambazo serikali iliwatengea wanajeshi wa zamani. Mwishoni mwa wiki alishiriki mbio za pikipiki huko Long Island City na kupata fedha za kujikimu. Pikipiki alizopanda siku hizo zilikuwa zimekwisha kutumiwa na wengine, na alizitengeneza kwa mikono yake mwenyewe.

Mnunuzi wa vitu vya kale

Jina lake lilianza kuvuma mwaka 1958 kupitia mfululizo wa televisheni wa Wanted: Dead or Alive. Zikafuata filamu za The Magnificent Seven ya mwaka 1960 na The Great Escape ya mwaka 1963. Mwaka 1966 aliigiza katika The Sand Pebbles, iliyompatia uteuzi wake pekee wa tuzo ya Oscar.

Fedha zilipokuja, hakubadili tabia yake ya kupenda vitu vilivyokwisha kutumika. Mfano mzuri ni Jaguar XKSS, gari la Kiingereza lililotengenezwa 16 tu kabla moto haujateketeza sehemu ya kiwanda mjini Coventry Februari 1957. McQueen alilinunua kutoka kwa mtu mwingine, akalipaka rangi ya kijani na kulikimbiza katika barabara za Los Angeles. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliliuza. Hakupata usingizi. Alimfuatilia mmiliki mpya hadi, miaka kadhaa baadaye, akauziwa tena gari lile lile, na hakuachana nalo hadi alipofariki.

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. McQueen alijifunza somo hilo kwa Jaguar, na kwa bahati njema msala ulirudi. Kwa Mustang haikuwa hivyo.

Dakika kumi za San Francisco

Ili kuelewa kwa nini alilitaka gari hilo, hapana budi kurudi mwaka 1968. Wakati huo viwanda vya Marekani vilikuwa vikishindana kuweka injini kubwa za silinda nane katika magari ya bei ya kati, ambayo kijana mwenye ajira ya kawaida angeweza kuyanunua. Mafuta yalikuwa rahisi na barabara pana. Wenyewe waliyaita magari ya misuli. Mustang, lililoingia sokoni Aprili 17, 1964 kwa bei ya kuanzia dola 2,368, ndilo lililopendwa na vijana wengi.

Katika filamu ya Bullitt, iliyoongozwa na Mwingereza Peter Yates, McQueen aliigiza kama Luteni Frank Bullitt, mpelelezi wa polisi wa San Francisco. Yalitumika Mustang mawili ya aina ya GT, yenye namba za utambulisho zinazofuatana, injini ya lita 6.4 na nguvu za farasi 325 kwa kipimo cha kiwandani. Fundi na dereva wa mbio Max Balchowsky aliimarisha springi na sehemu za chini ya bodi ili ziweze kuhimili kuruka katika vilima vya mji huo. Nembo ziliondolewa, gari likabaki jeusi mbele kama uso usio na tabasamu.

Kipande cha kufukuzana, ambamo Mustang linapambana na Dodge Charger jeusi lililoendeshwa na Bill Hickman, kina urefu wa karibu dakika 11. Hakuna muziki, ni mngurumo wa injini na mlio wa matairi tu, na mwendo ulipita kilometa 170 kwa saa. McQueen aliendesha mwenyewe sehemu kubwa, lakini baada ya kushindwa kukata kona moja, sehemu za hatari zaidi alikabidhiwa rafiki yake Bud Ekins. Kosa lile la kona halikufutwa. Liliachwa ndani ya filamu, na watazamaji wakaona Mustang likirudi nyuma huku matairi yakitoa moshi.

Filamu ilianza kuonyeshwa Oktoba 17, 1968, na ikapata Oscar ya uhariri kupitia Frank P. Keller. Kuanzia hapo McQueen na Mustang la kijani vikawa kama chanda na pete. Lakini kwa mujibu wa karatasi gari halikuwahi kuwa lake. Lilikuwa mali ya watengenezaji wa filamu, na kazi ilipokwisha likawa gari lililotumika kama mengine yote.

Gari la mwalimu

Moja ya yale mawili, lililoruka vilima, lilikuwa limechakaa kiasi cha kupelekwa kwenye vyuma chakavu. La pili lilinunuliwa na mfanyakazi wa kampuni ya filamu. Mwaka 1970 likauzwa kwa mpelelezi wa polisi wa New Jersey, hivyo gari la mpelelezi wa filamu likaendeshwa na mpelelezi wa kweli. Mwaka 1974 mpelelezi huyo naye alilitangaza katika jarida la magari.

Huo haukuwa wakati mzuri wa kuuza gari la namna hiyo. Mwaka mmoja kabla, mgogoro wa mafuta ulikuwa umewapanga Wamarekani foleni katika vituo vya mafuta. Bima za magari yenye nguvu zilikuwa zimepanda, na sheria za kupunguza moshi zilikuwa zimevifanya viwanda viachane na injini kubwa. Gari la miaka sita lenye kiu ya mafuta halikuwa johari machoni mwa watu wengi. Ndiyo maana familia ya kipato cha kawaida iliweza kulinunua kwa dola elfu chache tu na kulifanya usafiri wa kila siku.

Naye McQueen, ilipofika mwaka 1977, hakuwa yule wa mwaka 1968. Filamu yake ya Le Mans ya mwaka 1971, iliyotokana na mapenzi yake ya mbio, ilimtia hasara na kuitikisa kampuni yake. Ndoa yake na Neile Adams ilivunjika mwaka 1972, na ile ya pili, na mwigizaji Ali MacGraw, ilikuwa ikielekea huko huko. Tangu The Towering Inferno ya mwaka 1974 alikuwa ameshika njia ya kujitenga, amefuga ndevu, na muda mwingi akiutumia kukusanya pikipiki za kale na vitu vya utoto wake. Barua ya Desemba 14 ilitoka kwa mtu aliyekuwa akiokota vipande vya maisha yake kimoja kimoja.

Kwa upande wa pili alikuwapo mtu aliyelinunua gari kihalali na ambaye mke wake alilihitaji asubuhi. Jina la mwombaji halikubadili hesabu hiyo.

Mwisho wa safari

Desemba 1979 madaktari walimgundua McQueen kuwa na saratani ya utando wa mapafu, ugonjwa unaohusishwa na vumbi la asbesto. Yeye aliamini kuwa alivuta vumbi hilo alipokuwa mwanajeshi, akiondoa vifuniko vya mabomba ya meli. Januari 1980 alimwoa Barbara Minty. Baada ya madaktari wa nchini mwake kumkatia tamaa, alikwenda Mexico kutafuta tiba ambayo wenzao hawakuitambua. Alifariki dunia Novemba 7, 1980, katika hospitali ya mji wa Ciudad Juárez, saa chache baada ya upasuaji. Majivu yake yalitawanywa katika Bahari ya Pasifiki.

Novemba 1984, magari, pikipiki na vitu vyake vingine vilipigwa mnada Las Vegas. Vitu alivyovikusanya kwa miaka mingi vikasambaa kwa wanunuzi mbalimbali.

Wakati huo Mustang la kijani lilikuwa limetulia gizani. Klachi yake ilikuwa imeharibika mwaka ule ule wa 1980, likiwa limetembea takribani maili 65,000, sawa na zaidi ya kilometa 104,000, na familia ikaliegesha. Ilipohamia kusini, hatimaye katika jimbo la Tennessee, ililibeba. Wapenzi wa magari walilitafuta kwa miongo kadhaa. Wengine waliamini limekwisha kusagwa. Lile la kuruka vilima liliibuka kwanza, likiwa gofu nchini Mexico, na utambulisho wake ukathibitishwa mwaka 2017.

Januari 2018, miaka 50 baada ya filamu, mtoto wa mnunuzi wa mwaka 1974 alilitoa gari hadharani katika maonyesho ya Detroit, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Halikuwa limepakwa rangi mpya. Kutu, mikwaruzo na mabano ya kushikilia kamera yaliyochomelewa chini ya bodi vyote vilikuwapo, na hivyo, pamoja na namba za utambulisho na barua ya McQueen iliyotunzwa na familia, ndivyo vilivyokuwa ushahidi. Barua iliyokataliwa ikawa sehemu ya thamani ya gari.

Januari 10, 2020, katika mnada uliofanyika Kissimmee, Florida, liliuzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada, bei ambayo hakuna Mustang lililokuwa limeifikia hadi siku hiyo.

Ni vigumu kusema lingekuwaje endapo mwenye gari angekubali mwaka 1977. Huenda lingetunzwa miaka mitatu kisha likaingia kwenye mnada wa Las Vegas, likapakwa rangi na kung'arishwa hadi alama zote za San Francisco zifutike. Likiwa gari la mwalimu, lilisalimika. McQueen alitaka kulilinda kwa sababu ya kumbukumbu zake; waliolilinda kweli ni watu waliolihitaji kwenda kazini, na ambao siku liliposhindwa kutembea hawakuwa na moyo wa kuliuza.