Tiselius: Aliyetenganisha protini za damu kwa umeme

KATIKA mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, kama vile Kaloleni, Makongeni na Jericho, zimo familia nyingi zenye asili ya eneo la Ziwa Victoria. Baadhi yazo zinaujua vyema ugonjwa wa selimundu, unaowaumiza watoto viungo na kuwapunguzia damu. Kipimo kinachoubainisha kina chimbuko lake katika kazi ya mwanakemia wa Uswidi, Arne Tiselius.

Tiselius alizaliwa Stockholm mnamo Agosti 10, 1902. Babake alifariki 1906, na familia ikahamia Gothenburg. Mwaka wa 1925 akawa msaidizi wa Profesa Theodor Svedberg katika Chuo Kikuu cha Uppsala.

Tasnifu yake ya 1930 ilihusu mwendo wa protini katika mkondo wa umeme, lakini yeye mwenyewe hakuridhika nayo. Umeme ulitia joto kimiminika, kikavurugika, na protini zilizokwisha kuachana zikachanganyika tena. Akaiweka kazi hiyo kando kwa miaka kadhaa.

Aliporejea, aliunda upya mrija wa kioo wenye umbo la herufi U na kuupoza hadi karibu nyuzi 4. Majimaji ya damu yakajigawa mbele yake katika albumini na globulini za aina tatu. Jarida moja la sayansi lilikataa makala yake; likaichapisha jingine mnamo 1937. Mwaka wa 1948 alituzwa Nobeli ya Kemia.

Mwaka uliofuata, Linus Pauling na wenzake nchini Marekani walitumia kifaa cha aina hiyo kuthibitisha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu ina chaji tofauti. Mnamo 1954, Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha kuwa aliyerithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Miongoni mwa waliojitolea katika utafiti wake walikuwa wanaume Waluo walioishi Nairobi.

Harry Svensson, aliyefanya kazi na Tiselius, aliendeleza fani hiyo mnamo 1961. Katika njia yake, kila protini husafiri hadi inapokosa chaji, ikatulia hapo. Njia hiyo hutumika kuwapima watoto wachanga.

Tiselius alifariki Oktoba 29, 1971. Mtoto anayetambuliwa mapema huanzishiwa penisilini kabla maambukizi hayajamvamia. Asiyepimwa huenda akafa bila wazazi kujua kilichomuua.