Donald Campbell, aliyeukimbiza mwendo juu ya chumvi

Donald Campbell, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1921, alirithi kwa babake Malcolm jina la Bluebird na kiu ya mwendo. Gari lake, Bluebird CN7, liliendeshwa na turbaini ya ndege: gesi ya moto ilizungusha mapanga, nayo nguvu yake ikapelekwa kwenye magurudumu yote manne. Mwaka 1960, huko Utah, Marekani, lilimponyoka likaruka hewani, naye akavunjika fuvu.

Likaundwa jipya. Mwaka 1963 alilipeleka Ziwa Eyre, Australia, jangwa la chumvi lisilojua mvua; mwaka huo mvua ikanyesha, ikafurika. Alirejea. Tarehe 17 Julai 1964, juu ya chumvi ambayo bado ilikuwa laini, alifikia kilomita 648.7 kwa saa, rekodi rasmi ya dunia. Kwa mwendo huo, msafiri wa Endiinzi angefika Mbarara kabla ya dakika kumi.

Hata hivyo alisononeka. Gari lilisanifiwa kwa mwendo mkubwa zaidi, na kabla ya miezi mitatu kupita, magari ya jeti yaliipiku rekodi yake. Siku ya mwisho ya mwaka uleule akaweka rekodi ya majini pia. Hakuna mwingine aliyepata zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Tarehe 4 Januari 1967 boti yake ilipaa na kuvunjika katika Ziwa Coniston, Uingereza. Mwili wake uliopolewa mwaka 2001.