Tharia Topan na forodha ya kukodi

Ndugu Mhariri,

Nataka kueleza habari za Tharia Topan wa Zanzibar, mtu ambaye jengo lake wengi wanalijua lakini kazi yake hawaijui.

Alizaliwa mwaka 1823 huko Kutch, Bara Hindi, akafika Zanzibar angali mtoto. Aliajiriwa katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokodi forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Maana ya kukodi ni hii: mfanyabiashara humlipa Sultani kiasi walichopatana kwa mwaka, kisha yeye hutoza ushuru bandarini, na kinachozidi ni chake. Mkataba wa 1833 na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zao. Mwaka 1876 Tharia, sasa tajiri mkubwa, aliikodi forodha mwenyewe.

Pia aligharimia misafara ya bara. Tippu Tip alikuwa mdeni wake. Sisi wa Biharamulo na Ngara tusidhani mambo haya yalikuwa ya pwani tu. Nchi yetu ya Usui ilikuwa njia ya Karagwe, na mtawala Suwarora alitoza hongo ya nguo na shanga. Speke aliionja mwaka 1861. Pembe ililipiwa njiani, ikalipiwa tena forodhani. Mzigo huo mwishowe ulimwangukia nani kama si mwindaji na mpagazi?

Mwaka 1887 Tharia alianza kujenga zahanati kwa kuadhimisha miaka 50 ya utawala wa Malkia Victoria. Waingereza walimpa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1891 kabla jengo halijakamilika. Lipo hadi leo Mji Mkongwe, na ni zuri kweli.

Simlaumu kwa hisani yake. Lakini ziada ya ushuru ilikuwa mali ya umma, na haifai umma uipate kama sadaka. Sultani Barghash mwenyewe aliacha kukodisha forodha mwaka 1886.

Hapa Nyakanazi ni njia panda ya malori ya Rwanda, Kigoma na Bukoba. Halmashauri yoyote inayofikiria kumkabidhi wakala ushuru wa soko kwa kiasi cha kupatana, kwanza ijue soko huingiza kiasi gani. Nasi wananchi tudai stakabadhi.

Msomaji wako,
Nyakanazi, Biharamulo.