Albert Thys na Njia ya Chuma ya Matadi

Mto Kongo ni mkubwa sana, lakini kati ya Kinshasa na Matadi maji yake yanaanguka juu ya mawe kwa nguvu. Hakuna merikebu inayoweza kupita hapo. Kwa hiyo zamani mizigo yote ilibebwa na watu. Wapagazi walitembea siku ishirini hivi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi. Walipanda milima na kuvuka mito. Hata merikebu za moshi zilifunguliwa vipande vipande, zikabebwa hivyo mpaka juu. Wapagazi wengi walilazimishwa kufanya kazi hiyo, na wengi walifia njiani.

Albert Thys alizaliwa Dalhem, katika Ubelgiji, mwaka 1849. Alikuwa ofisa wa jeshi, halafu akamtumikia Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1887 alikwenda Kongo kutayarisha kazi ya kupima njia ya gari la moshi. Watu wengi walidhani haiwezekani, lakini Thys hakukubali. Mwaka 1889 kampuni ya njia ya chuma ilianzishwa, na mwaka 1890 kazi ikaanza Matadi.

Mwanzo ulikuwa mgumu kabisa. Karibu na Matadi kuna mto Mpozo na milima ya Palabala, yote mawe. Ilibidi kupasua mawe na kujenga madaraja. Katika miaka miwili ya kwanza reli ilisonga mbele kilomita chache tu. Fedha zikapungua. Thys alirudi kwa wenye mali na kwa serikali ya Ubelgiji kutafuta nyingine, wala hakuchoka.

Lakini waliochoka zaidi ni wafanyakazi. Walitoka Kongo, Unguja, Sierra Leone, Senegal na nchi nyingine. Mwaka 1892 waliletwa pia Wachina zaidi ya 500. Jua lilikuwa kali, chakula kilikuwa kibaya, na homa na ugonjwa wa kuhara viliwaua. Wengine walitoroka kwa hofu. Kwa hesabu ya kampuni, Waafrika na Wachina 1,800 walikufa, na Wazungu 132. Watu waliochunguza habari hizo baadaye wanasema waliokufa walikuwa wengi kuliko hao.

Mwezi wa Machi 1898 gari la moshi lilifika mwisho wa njia, na mwezi wa Julai sherehe kubwa ilifanyika. Njia ilikuwa na urefu wa kilomita 400 hivi. Safari ya siku ishirini ikawa ya siku mbili. Katika njia ile wapagazi hawakuhitajiwa tena.

Thys alifariki Brussels mwaka 1915. Mji mmoja ulio katikati ya njia uliitwa Thysville kwa heshima yake. Mwaka 1966 mji huo ulipewa jina la Mbanza-Ngungu, na jina hilo linatumika hata leo.

Thys alikuwa na akili na moyo wa kutokata tamaa. Lakini mtu mmoja hajengi njia ya chuma. Jina lake liliandikwa juu ya mji. Majina ya wale waliopasua mawe hayakuandikwa popote. Anayesifu njia ile awakumbuke na hao, kwa maana waliinunua kwa maisha yao.